Kompyuta nyepesi ya safari: uamuzi uwe wa mgongo wako, si wa muuzaji

Mzazi unayempeleka mtoto chuo, na wewe unayesafiri kikazi huku kiuno kikikusumbua, mnaweza kukutana mbele ya kaunta moja ya duka la kompyuta. Muuzaji atachukua kompyuta mpakato nyembamba, ataiinua kwa vidole viwili na kusema, “Hii ni kama daftari, ukisafiri nayo huisikii kabisa.” Kisha atataja bei. Mara nyingi bei hiyo huizidi kwa mbali ile ya mashine nene iliyo pembeni yake, ingawa uwezo wa kufanya kazi ni uleule. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo unailipia wepesi.

Swali la wiki hii ni hili: wepesi huo una faida ya kiafya inayolingana na fedha unazotoa? Msimamo wangu ni kwamba kwa watu wachache una thamani kubwa, nao wasisite kuulipia. Kwa wengi wetu, fedha hizo zingeusaidia mwili zaidi kama zingetumika kwa vitu vingine vidogo ambavyo muuzaji havitaji.

Pima begi zima, usipime mashine peke yake

Januari 2008, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alisimama jukwaani San Francisco, akatoa kompyuta ndani ya bahasha ya kawaida ya ofisini. Ilikuwa MacBook Air ya kwanza, yenye uzito wa kilo 1.36. Baada ya hapo kampuni nyingi zilishindana kupunguza uzito. Leo kompyuta nyepesi ya inchi 13 huwa na kilo 1.2 hivi, na zipo zisizofika kilo moja. Zile za kawaida za inchi 15.6, ambazo ni nyingi madukani na ambazo wengi tunazimudu, huwa kati ya kilo 1.6 na kilo 2 au zaidi kidogo.

Kwa hiyo kinachouzwa ni tofauti ya gramu 500 hadi 900. Ni uzito wa chupa ya maji ya nusu lita, au zaidi kidogo. Si kidogo kwa anayetembea nao kila siku, lakini hebu tuuweke ndani ya begi tuone.

Chukua mfano wa binti wa chuo mwenye kilo 55. Kompyuta yake ya kawaida ina kilo 1.9. Chaja na waya wake, kilo 0.4. Begi lenyewe likiwa tupu, kilo 0.9. Maji lita moja, kilo 1. Vitabu viwili, kilo 1.2. Chakula na vikorokoro vingine, nusu kilo. Jumla ni kilo 5.9. Ukimnunulia kompyuta ya kilo 1.2, begi linashuka hadi kilo 5.2. Lakini akibaki na kompyuta yake ya zamani, akaacha chaja bwenini siku ambazo betri inamtosha, na akaacha kitabu kimoja ambacho hana kipindi chake, begi linashuka hadi kilo 4.9. Amepunguza kilo nzima bila kutoa hata shilingi.

Ndiyo maana nasema betri inayodumu siku nzima ni wepesi wa kweli, kwa sababu inakuruhusu kuacha chaja nyumbani. Zipo mashine zilizofanywa nyepesi kwa kupunguziwa betri. Mwenye nayo huishia kubeba chaja, waya wa kurefushia na betri ya akiba. Gramu alizozikwepa upande mmoja zimemrudia upande wa pili, tena kwa bei ya juu.

Kipimo ambacho wataalamu wengi wa watoto na wa viungo hukitumia ni kwamba begi la mwanafunzi lisizidi asilimia 10 ya uzito wake. Wengine huruhusu hadi 15, na baadhi hadi 20. Mtoto wa kilo 35 basi abebe kilo 3.5 hivi. Ukimwekea kompyuta ya kilo 2, amebakiwa na kilo moja na nusu kwa begi, maji, madaftari na kila kitu kingine.

Hapa niwe mkweli kwako mzazi, maana habari za kutisha kuhusu mabegi ni nyingi. Mwaka 2018, jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu mabegi ya shule na maumivu ya mgongo kwa watoto. Waandishi wake hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba begi lenyewe ndilo chanzo cha maumivu hayo. Kwa hiyo usiogopeshwe kwamba uti wa mgongo wa mwanao utapinda milele kwa sababu ya kompyuta ya kilo 2. Ile asilimia 10 ichukulie kama kipimo cha kumpa mtoto nafuu. Akilalamika kwamba begi ni zito, au akiinama mbele ili kulibeba, msikilize hata kama mizani inasema liko sawa.

Namna ya kubeba nayo ina uzito wake. Begi la mikanda miwili, lililobana mgongoni, huwa jepesi mwilini kuliko mkoba wa bega moja wenye mzigo uleule. Kompyuta ikae upande ulio karibu na mgongo. Ndani ya daladala ukiwa umesimama, livue, liweke miguuni au mpe aliyeketi akushikie. Kwenye bodaboda livae mgongoni kwa mikanda yote miwili, usiliache lining’inie bega moja.

Shingo hulipa zaidi kuliko bega

Watu wengi hufikiria uzito wa kompyuta wakati wa kuibeba tu. Jiulize: kwa siku unaibeba kwa muda gani? Pengine saa moja au mbili. Na unaitazama kwa muda gani? Pengine saa sita, nane, hata kumi. Mwili wako unaumia zaidi katika hizo saa nyingi kuliko katika hizo chache.

Tatizo la kompyuta zote za aina hii ni kwamba kioo na kibodi vimeunganishwa kwa bawaba. Mikono ikikaa mahali pazuri, kioo kinakuwa chini na shingo inainama. Ukikiinua kioo hadi usawa wa macho, mikono inaning’inia hewani. Kadiri mashine inavyokuwa ndogo ndivyo kioo kinavyokuwa chini zaidi na herufi zinavyokuwa ndogo, nawe unazidi kuinama. Hilo muuzaji wa wepesi hatakuambia.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Mwaka 2014, Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa mgongo wa New York, alichapisha hesabu za mzigo unaoikuta shingo kichwa kinapoinama. Kwa makadirio yake, kuinama nyuzi 15 kunaifanya shingo ihimili mzigo kama wa kilo 12; nyuzi 30, kilo 18; nyuzi 60, kilo 27. Ni hesabu za kielelezo, hazikupimwa ndani ya shingo za watu. Hata hivyo zinatupa picha: gramu 700 ulizozilipia kwa gharama kubwa ni ndogo sana mbele ya mzigo unaojitwisha kwa kuinama kutwa.

Dawa yake ni rahisi. Ukifika unakokwenda, iwe hotelini, bwenini au nyumbani kwa ndugu, iweke kompyuta juu ya vitabu au kisanduku mpaka ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho. Kisha tumia kibodi na kipanya vya kuchomeka, vikae mezani, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Kibodi ndogo ya safari huwa na gramu mia chache tu. Mimi ningemshauri mzazi anunue kompyuta ya uzito wa wastani, kilo 1.3 hadi 1.6, yenye kioo cha inchi 14, na fedha zinazobaki anunue kibodi, kipanya na begi zuri.

Ipakate mtoto, kompyuta iweke mezani

Kiswahili kimeiita mashine hii kompyuta mpakato, kutokana na kupakata, yaani kuweka mapajani kama tunavyompakata mtoto. Jina ni zuri, ila kwa afya ni ushauri mbaya. Mapaja si mahali pake.

Kwanza ni joto. Mashine nyembamba mara nyingi ina feni ndogo, na baadhi hazina feni kabisa, hivyo joto hutokea kwenye bati la mwili wake. Mwaka 2010, jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilieleza kisa cha mvulana wa miaka 12 huko Uswisi. Alikuwa akicheza michezo ya kompyuta kwa saa kadhaa kila siku huku mashine ikiwa mapajani, na baada ya miezi kadhaa ngozi ya paja lake ikawa na mabaka mekundu na ya kahawia yaliyojisuka kama wavu. Joto hilo si kali kiasi cha kuunguza mara moja, ndiyo maana mtu halihisi kama hatari. Lakini likirudiwa kila siku huacha alama, na mara chache sana, kwa waliokaa na alama hizo miaka mingi, ngozi hiyo inaweza kupata saratani.

Wanaume wanaotafuta mtoto walisikie na hili. Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, Stony Brook, waliwapima wanaume 29 waliokaa saa moja huku kompyuta ikiwa mapajani. Joto la korodani lilipanda kwa zaidi ya nyuzi 2.5 za Selsiasi, kwa sababu ya joto la mashine pamoja na ule mkao wa kubana mapaja. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba walikosa watoto. Lakini inajulikana kwamba mbegu za kiume hutengenezwa vizuri zaidi katika joto lililo chini kidogo ya lile la mwili, kwa hiyo hakuna sababu ya kujiweka katika hali hiyo wakati meza ipo.

Kitandani, usiiweke juu ya mto au blanketi. Matundu ya hewa huziba, mashine huchemka, na betri huchakaa mapema. Trei ya plastiki au kipande cha ubao kinatosha.

Macho yasikubali kila kinachong’aa

Mashine nyingi za bei ya juu zina kioo kinachong’aa kama cha meza ya sebuleni. Dukani kinapendeza. Ndani ya basi lenye madirisha makubwa, au uani mchana, utajiona uso wako mwenyewe badala ya maandishi. Mtu asiyeona vizuri husogeza kichwa mbele na kukaza macho, na jioni anasema kichwa kinamuuma. Kwa msafiri, kioo kisichoakisi mwanga ni bora kuliko kinachong’aa, hata kama rangi zake hazikoleji.

Kuza herufi. Ni jambo la bure, lipo ndani ya kila kompyuta, na wengi hawaligusi. Pumzisha macho kwa kanuni ya 20: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Pia pepesa macho kwa makusudi, maana tunapotazama kioo tunapepesa mara chache na macho hukauka. Mzazi, ukiona mtoto anasogeza uso karibu na kioo kila mara, mpeleke akapimwe macho kabla ya kumlaumu au kumbadilishia mashine. Na umpe muda wa kucheza nje mchana. Watoto wanaokaa nje zaidi hupungukiwa na hatari ya kuanza kuona karibu tu.

Ukiwa njiani

Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000. Kompyuta nyepesi ina kishawishi chake hapa: kwa kuwa inashikika kirahisi, mtu huifungua tangu Morogoro na kuifunga Shinyanga. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne au zaidi ukiwa umekaa bila kujongea huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Kwa mtu mwenye afya uwezekano huo bado ni mdogo sana. Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye saratani au aliyewahi kuganda damu, ni mkubwa zaidi, naye aongee na daktari kabla ya safari. Basi likisimama, shuka utembee. Ukiwa umekaa, funga kompyuta kila nusu saa, zungusha vifundo vya miguu na unyooshe mgongo. Gari likiwa linarukaruka, usisome kabisa.

Kwa ndege, kompyuta na betri za akiba panda nazo ndani. Betri ya akiba hairuhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, na inayozidi wati-saa 100 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Kompyuta iliyovimba tumboni, au ambayo kibodi yake imeinuka, betri yake imeharibika na inaweza kushika moto. Izime, usiichaji, usisafiri nayo, usiitoboe; mpelekee fundi. Wanunuzi wa kompyuta zilizokwisha kutumika, hili lichunguzeni kabla ya kulipa.

Nani alipie wepesi

Wapo ambao gramu 700 kwao ni jambo kubwa. Mwenye pingili ya mgongo iliyotokeza na kubana mshipa wa fahamu. Mwenye baridi yabisi ya vidole na viganja, ambaye kuinua tu mashine kutoka mezani ni maumivu. Mzee ambaye mifupa yake imepungua uimara. Mtoto mwembamba anayetembea umbali mrefu kwenda shule. Mwenye kutumia mkongojo au kiti cha magurudumu. Kama wewe ni mmoja wao na unaweza kumudu, nunua nyepesi bila kuona haya. Aliyejifungua kwa upasuaji au aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, yeye hahitaji mashine mpya. Ahitaji mtu wa kumbebea mpaka muda aliopewa na daktari wake uishe.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani ajue kwamba kompyuta nyingi zina sumaku kwenye kioo na kwenye mwili wake. Asiilaze kifuani akiwa kitandani; aiweke umbali wa sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa hicho.

Namna ya kuijaribu dukani

Nenda na begi lako likiwa na vitu vyote unavyosafiri navyo. Omba mashine pamoja na chaja yake viingizwe ndani, livae, simama nalo dakika 10, panda ngazi kama zipo. Kisha keti, andika aya nzima, uone kama viganja vinakaa vizuri. Soma ukurasa bila kuinama. Geuza kioo kielekee mlangoni uone kama kinaakisi. Wacha video icheze robo saa, kisha gusa chini yake. Uliza inachukua saa ngapi betri kwisha ikiwa kazini, na kama chaja yake hupatikana mjini kwenu kwa urahisi. Muuzaji akikasirika kwa sababu umemchukulia nusu saa, duka si moja.

Na kama uwezo wako ni ile nene ya kilo 2 iliyotumika, usijione umemnyima mwanao kitu. Mnunulie begi la mikanda miwili, mfundishe kuacha asichokihitaji, mwekee vitabu chini ya kompyuta na kibodi pembeni. Shingo yake itakuwa salama kuliko ya mwenzake anayejikunja juu ya mashine ya mamilioni.

Mwisho, maumivu yanayodumu zaidi ya wiki chache, au yanayomwamsha mtoto usiku, hayatibiwi kwa kubadilisha kompyuta. Nenda kituo cha afya. Ganzi au udhaifu unaoshuka mkononi au mguuni nao uchunguzwe mapema. Na ukipata maumivu ya mgongo pamoja na ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho.